Kina cha Kati: Chama Kimsimamishe Nani?

Mwenye kujifunza kutunga tarbia hukiogopa kina cha mwisho na kukidharau cha kati. Hukiona cha kati kuwa ni pahala pa kuvutia pumzi tu, mwimbaji asije akashindwa na mshororo. Baadaye, akishasahihishwa mara mbili tatu na wakubwa wake, ndipo hufahamu kuwa kina cha kati nacho kina sauti yake, na kwamba atakayelijaza pengo lile kwa neno lolote lililo karibu ametunga guni.

Somo hili la utunzi lilinirudia nikiwa mbali na bahari. Mwaka 2015, msimu wa kampeni, nilikuwa Mbeya kwa shughuli za kifamilia, na asubuhi moja ya baridi nilisimama mbele ya muuza viazi katika soko la Mwanjelwa. Nilimuuliza, kama wageni waulizavyo, upepo wa uchaguzi unavumia wapi. Alikuwa kijana mwenye heshima, akaacha kupanga viazi vyake kwanza. "Mzee wangu," akasema, "miaka minane tulifundishwa kumkataa mtu huyu. Leo waliotufundisha wanatufundisha kumpenda. Nitampigia, maana nataka mabadiliko. Ila wasije tena kunifundisha."

Msomaji atakuwa amekwisha kumtambua anayesemwa. Lakini kabla ya kumfikia, tuliweke swali mbele yetu. Chama cha siasa kinapoteua mgombea, kimtafute mtu wa katikati, asiyemtisha yeyote na awezaye kuvuna kura za pande zote? Au kimsimamishe mwenye itikadi yake, mtu ajulikanaye anakubali nini na anakataa nini, hata kama wapo watakaomkimbia?

Wapo waliokwisha kutoa jibu la kihesabu. Mchumi wa Kimarekani Harold Hotelling aliandika mwaka 1929 juu ya wauzaji wawili katika njia moja. Kila mmoja, akitaka wateja wa mwenziwe bila ya kuwapoteza wake, husogea kidogo kidogo kuelekea kati, hata mwishowe biashara mbili zinapakana. Hotelling mwenyewe alitaja kuwa vyama vya kwao hufanya vivyo hivyo. Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya huiona hoja hiyo kwa macho pale Ruaha Mbuyuni, ambapo wauza vitunguu wamekaa bega kwa bega, kitunguu kile kile, bei ile ile, na anayejitenga hatua hamsini hukauka na jua bure.

Hesabu hiyo inaeleweka, ila yataka njia yenyewe iwe na ncha mbili zinazojulikana. Yetu ilikuwa nazo zamani. Azimio la Arusha la 1967 liliweka ncha moja wazi kabisa: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba. Mwaka 1972 TANU ikatangaza huko Iringa sera ya Siasa ni Kilimo, na jina la mji huo likaingia katika msamiati wa itikadi. Kisha, Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana hapa hapa kwetu visiwani, na lile tuliloliita Azimio la Zanzibar likavilegeza vifundo vya Arusha. Jambo la ajabu, ambalo wageni hulishangaa kuliko sisi, ni kwamba Ujamaa na Kujitegemea ukabakia katika Katiba ya chama. Jina lilibaki mlangoni, mwenye nyumba akahama.

Kwa hiyo mwenye kuuliza leo kama mgombea ni wa itikadi au wa katikati asitarajie mizani ya Ulaya, ya kulia na kushoto. Kwetu itikadi ya mtu imekuwa ni miiko yake: lipi hatolifanya hata akipewa nini. Katiba mpya na uwajibikaji, khasa juu ya mali ya umma, ndiyo mistari iliyowatenga watu katika miaka ya karibuni, na juu ya mistari hiyo mtu anaweza kuwa mkali au mpole.

Uteuzi wa chama, nao, una uzito kwetu usiokuwepo kwingine. Katiba ya Tanzania haimruhusu mtu kugombea bila ya chama. Mchungaji Christopher Mtikila, mwenyeji wa Ludewa katika nyanda hizo hizo za kusini, aliipigania haki ya mgombea binafsi kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa ushindi, Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kuwa haki yake ilikuwa imevunjwa. Mlango haukufunguliwa. Mbunge akihama chama, kiti chake nacho humponyoka. Katika hali hii chama kinachoteua kinamchagulia mwananchi orodha ya mambo anayoweza kuyasema kwa kura yake. Kikimletea mtu asiye na neno, mwananchi naye amenyimwa neno.

Sasa tumrudie muuza viazi. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma hadharani orodha ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi. Jina la Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, lilikuwemo. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu kwa sakata la Richmond, naye alishikilia daima kuwa hakuwa na hatia. Slaa akagombea urais mwaka 2010 na kupata kura zaidi ya milioni 2.2. Julai 2015 CCM ilimkata Lowassa huko Dodoma, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amepokewa CHADEMA, akasimamishwa kwa niaba ya UKAWA. Profesa Ibrahim Lipumba aliuacha uenyekiti wa CUF mwezi wa Agosti. Slaa aliaga siasa za vyama tarehe 1 Septemba. Oktoba Lowassa akapata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, idadi ambayo mgombea wa upinzani hakuwa amewahi kuifikia.

Nisiwe mdhalimu kwa waliomleta. Chama kisichoshika dola hakijengi hata zahanati, na mwenye njaa hawezi kuambiwa asubiri usafi. Walihesabu, na hesabu yao haikuwa ya kipumbavu. Lakini tazama Mbeya Mjini na Iringa Mjini. Joseph Mbilinyi, Sugu, aliyeanza kutambulikana kwa mashairi ya kufoka, alikichukua kiti cha Mbeya mwaka 2010. Mchungaji Peter Msigwa akakichukua cha Iringa mwaka huo huo. Hakuna aliyewahi kuwaita watu wa katikati. Walikwenda kwa wapiga kura wakiwa na ukali wao wote, miaka mitano kabla ya Lowassa kuingia, na miji ile ikawachagua, kisha ikawarudisha 2015. Sugu alifungwa mwaka 2018 kwa maneno aliyoyasema jukwaani mjini mwake. (Wapenzi wa ushairi watakumbuka kuwa si mshairi wa kwanza wa Kiswahili kulipishwa kwa maneno.) Lowassa alirejea CCM Machi 2019, na milioni sita wakabaki wakitazamana. Kura zao hazikuwa zimefungwa kwenye neno lolote ambalo wangeweza kulidai baada ya yeye kuondoka.

Hapo mtu wa Iringa ataniinulia mkono, na ana haki. Mzee mmoja wa huko, tulipokwisha kuamkiana kwa "kamwene" na kukaa kitako, aliniuliza kama watu wa pwani tunaikumbuka Isimani. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa Dkt. Wilbert Klerruu alikwenda shambani kwa Said Mwamwindi, mkulima aliyekuwa na ardhi na nguvu zake, wakati mashamba ya Isimani yakigeuzwa kuwa ya vijiji vya Ujamaa. Wakakorofishana. Mwamwindi akampiga risasi, akaibeba maiti kwenye gari hadi polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Alihukumiwa kunyongwa. Klerruu alikuwa msomi, mwenye imani ya kweli kweli; hapana aliyemshuku kuwa anatafuta mali. "Mmoja aliamini mno," mzee akasema, "mwingine alilima mno. Watoto wa wote wawili wakawa mayatima. Nyinyi mnaotaka wenye itikadi, mnaujua moto wake?"

Nilinyamaza siku ile, na jibu nimelipata baadaye. Klerruu hakuwa mgombea. Aliteuliwa, akatumwa. Hakupata kusimama mbele ya wakulima wa Isimani akawaambia, "Nitawachukulia mashamba yenu, nipeni kura," nao wakapata nafasi ya kumwambia hapana. Imani ile ilikuwa ya hatari kwa sababu haikulazimika kuomba. Mwenye itikadi anayegombea hutoa onyo kabla. Anayejificha katikati, akaonyesha makucha akishaapishwa, ndiye anayefanana zaidi na yule aliyetumwa. Kwa hiyo Isimani inanifanya nimtake mgombea aliyejitangaza, wala hainisogezi kwa mtu asiye na rangi.

Je, katikati hapana heshima yoyote? Ipo, na mfano wake tunao nyumbani. Maalim Seif Sharif Hamad aliijua ladha ya jela na ya kunyimwa, na wafuasi wake walizika watu wao Januari 2001. Novemba 2009 alikutana na Rais Amani Abeid Karume, kisha akapanda jukwaani Kibanda Maiti na kuwaambia watu wake kuwa chama kimemtambua Karume. Wapo waliomzomea, mzee yule aliyekuwa akibebwa mabegani. Aliendelea. Julai 2010 kura ya maoni ilipita kwa zaidi ya asilimia 66, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaundwa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita bila ya maziko. Kwamba jengo lile lilikuja kutikiswa Oktoba 2015 matokeo yalipofutwa hakuondoi thamani ya hatua yenyewe. Maalim alifika katikati akitokea mahali, kila mtu akijua ametokea wapi na ameacha nini njiani. Ndicho kina cha kati ninachokisema. Chama kikiwa na mtu wa namna hiyo kimsimamishe bila ya kusita. Kikiwa hakina, bora kimsimamishe mkali wake na kishindwe naye kuliko kumwazima mpole wa jirani.

Na ukali nao una bei, wala hailipwi na mkali peke yake. Mei 2024, huko Makambako, waliokuwa wabunge wawili wa miji yetu waligombea uenyekiti wa Kanda ya Nyasa ya CHADEMA, na Sugu akamshinda Msigwa kwa tofauti ya kura mbili. Mwezi uliofuata Msigwa alihamia CCM. Januari 2025 chama kile kile kilimwondoa Freeman Mbowe, mtu wa mazungumzo, kikamchagua Tundu Lissu kwa kura 513 dhidi ya 482. Aprili Lissu akashitakiwa kwa uhaini, na chama, kilichokuwa kimekataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi pasipo mageuzi, kikaambiwa hakitashiriki. Wapo wanaosema mwenyekiti mpole angewabakishia wanachama wake angalau mtu wa kumpigia kura. Siwezi kuapa kuwa wamekosea. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku iliyotokewa na ghasia na vifo katika miji kadhaa, karatasi ya kura ya Mbeya na ile ya Iringa hazikuwa na jina la mgombea yeyote wa CHADEMA, mkali wala mpole.