Mto Uitwao Agano

Huko Japani, katika mkoa wa Niigata, upo mto mkubwa unaoitwa Agano. Jina hilo halina uhusiano na neno letu la Kiswahili. Ni sauti tu zimefanana. Lakini sisi tuliolelewa na Biblia ya Kiswahili hatuwezi kulisoma bila kusimama kidogo. Na yaliyotokea kando ya mto huo yanatuletea swali ambalo kila aliyebatizwa anapaswa kujiuliza: tukijua kwamba jirani yetu anadhurika, nasi tukanyamaza, je, tumeivunja amri ya tano?

Watu wa kando ya Agano walikula samaki wa mto kama sisi tunavyokula ugali. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba baadhi yao wana ugonjwa mzito. Mikono na miguu ilikufa ganzi, mwendo ukawa wa kuyumba, maneno yakawa mazito mdomoni, na macho yakaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Chanzo kilikuwa zebaki iliyotoka katika kiwanda cha kampuni ya Showa Denko, kilichokuwa Kanose, juu ya mto. Wanawake walioonekana kuwa na zebaki nyingi katika nywele zao walishauriwa wasibebe mimba. Watu zaidi ya 700 wa eneo hilo walikuja kutambuliwa rasmi kuwa wagonjwa.

Linalouma zaidi ni kwamba ugonjwa huo haukuwa mgeni. Mbali na hapo, upande wa kusini wa Japani, ulikuwa umekwisha kuonekana miaka tisa kabla. Na kulikuwa na watu waliojua unakotoka.

Daktari na paka wake

Mji wa Minamata uko kando ya ghuba, na ulikuwa na kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso. Kiwanda kilitoa ajira, kilijenga hospitali, na nyumba nyingi mjini zilikuwa na mtu aliyekitegemea. Maji yake machafu yaliingia baharini. Ndani yake kulikuwa na zebaki ya aina mbaya kuliko zote, ile inayoingia katika viumbe wadogo, kisha katika samaki wadogo wanaowala, kisha katika samaki wakubwa, ikizidi kuongezeka kwa kila hatua. Haioshwi, haikaushwi kwa moshi, wala haiondoki kwa kupikwa. Mama mjamzito anapokula samaki huyo, sumu inavuka hadi kwa mtoto tumboni. Minamata walizaliwa watoto walemavu kwa mama walioonekana wazima. Baadhi ya mama hao walisema kwamba mtoto amebeba sumu yote kwa ajili yao.

Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda ilitoa taarifa kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Mkurugenzi wake alikuwa Dkt. Hajime Hosokawa. Tumheshimu kwa hilo: hakuficha alichokiona. Wakati huo watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Nyumba za wavuvi zilipuliziwa dawa, na majirani wakawaepuka. Wagonjwa wakabeba mzigo wa pili, ule ule ambao wanafunzi walimtwika kipofu katika Yohana sura ya 9 walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi.

Mwaka 1959 daktari huyo alianza kumlisha paka chakula kilichonyunyiziwa maji machafu ya kiwanda chenyewe. Paka huyo alipewa namba 400. Mwezi Oktoba paka akaanza kutetemeka na kuzungukazunguka kama wagonjwa. Sasa daktari alijua. Aliwaeleza wakuu wake, nao wakamzuia asiendelee na jaribio hilo. Matokeo hayakutangazwa. Desemba mwaka huohuo familia za wagonjwa zilipewa fedha kidogo za rambirambi, kwa sharti kwamba hata ikija kuonekana baadaye kuwa kiwanda ndicho chanzo, hazitadai tena. Maji yakaendelea kumwagwa hadi mwaka 1968.

Kati ya mwaka 1959 na 1965 ndipo watu wa Mto Agano walipokuwa wakila samaki wao. Kama habari ya paka namba 400 ingetangazwa, huenda viwanda vingine vya namna hiyo vingekaguliwa mapema. Ukimya uliotunzwa katika mji mmoja ukaliwa na watoto wa mto mwingine.

Amri ya tano na mtu anayejua

Daktari Hosokawa hakumwaga sumu. Hakumpiga mtu. Kama tungemwuliza mtoto wa kipaimara ikiwa daktari huyo ameua, pengine angesema hapana.

Lakini Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba amri ya kutoua haiishii kwenye kutomdhuru jirani mwilini. Inatutaka pia tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili. Katika Katekisimo Kubwa Luther anakwenda mbali zaidi: anayeweza kuzuia madhara yasimpate jirani, naye asizuie, ana hatia mbele ya amri hii. Ukimwacha mwenye njaa afe njaa, hukumgusa, lakini umemwua.

Wengine watasema hukumu hii ni kali mno. Daktari alikuwa mwajiriwa. Mji mzima ulikula kwa kiwanda hicho. Tunakubali kwamba si kila ukimya una uzito sawa. Asiyejua hawezi kulaumiwa kama anayejua, na mwenye kushuku tu si sawa na mwenye paka mgonjwa mbele yake. Anayetishwa naye si sawa na anayetisha. Waliomzuia daktari wana hatia kubwa kuliko yake. Lakini hatia ya mkubwa haimwondolei mdogo wajibu wake. Kujua ni mzigo. Siku unapojua, jirani anaingia mikononi mwako, hata kama hukumwita.

Habari ya daktari huyo ina sehemu ya mwisho. Alistaafu mwaka 1962. Wagonjwa walipoishtaki kampuni, alitoa ushahidi Julai 1970 akiwa kitandani hospitalini, mgonjwa wa saratani, akaeleza habari za paka namba 400. Akafariki Oktoba mwaka huohuo. Machi 1973 mahakama iliwapa wagonjwa haki. Ushahidi wake haukumfufua mtu, lakini haukuwa bure. Sisi Walutheri tunaosema kwamba mwamini ni mwenye haki na papo hapo mwenye dhambi, tunaweza kumwangalia mzee huyo bila kumtukana na bila kumtakasa. Toba iliyochelewa ni toba, ingawa wapo waliolipia kuchelewa kwake.

Mialo yetu

Tungeweza kuishia Japani, na ingekuwa rahisi. Lakini kanda ya ziwa kwetu kuna neno moja lenye maana mbili. Mwalo ni mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kuuza samaki. Mwalo pia ni mahali wachimbaji wadogo wanapochenjulia dhahabu. Katika mwalo huu wa pili, zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, mara nyingi kwa mikono mitupu. Kisha huchomwa motoni ili ipae na kuiacha dhahabu. Ikipaa haipotei. Inaingia mapafuni mwa aliye karibu, na nyingine inaanguka katika udongo na maji, ambamo vijidudu vya matopeni vinaweza kuigeuza kuwa ile aina inayoingia katika samaki. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kurusha zebaki hewani kutokana na shughuli za binadamu. Nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Hatuandiki haya ili mtu aogope sangara au dagaa wake leo. Tunaandika kwa sababu ya moshi wa jikoni tuliouona kwa macho.

Miaka kadhaa iliyopita tulitembelea usharika mmoja wa wachimbaji. Tulikuwa wageni watatu kutoka makao ya jimbo, tumekuja kupokea sadaka ya bati za kanisa. Tulikaribishwa nyumbani kwa mzee wa usharika. Wakati ugali unasongwa, kijana wa nyumba hiyo aliweka kidonge cha zebaki na dhahabu kwenye jiko la mkaa lililokuwa kando. Mkwe wa mzee alikuwa amekaa hapo akimnyonyesha mtoto. Sisi tulikuwa tumeshahudhuria semina. Tulijua mvuke ule ni nini. Tulitazamana. Kisha tukaombea chakula, tukala, tukashukuru kwa sadaka, tukaondoka.

Tulijiambia kwamba si mahali pake, kwamba tutamwaibisha mzee mbele ya wageni. Ukweli ni kwamba bati zilitokana na dhahabu ile, nasi tuliogopa kuzipoteza.

Baada ya mwaka tulirudi, tukasema. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wachungaji, siku ile mlipokula hapa, mlikuwa mnajua?" Mmoja wetu akajibu, "Tulijua, mama." Hakutukemea. Alimhamishia mtoto bega la pili, akaendelea kupepeta mchele. Hatujawahi kuhubiriwa namna hiyo.

Ukweli na mkate

Kijana naye alikuwa na swali: "Sawa, wachungaji. Nisipochoma hivi, tutakula nini?" Ni swali la haki. Yakobo, katika sura ya 2, anamkemea anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani huku hampi kitu. Kumwambia mvuvi wa Minamata asile samaki, bila kumpa kitoweo kingine, kulikuwa kumtwika aliyeonewa mzigo wa aliyemwonea. Kanisa linalosema ukweli lijiandae pia kushiriki gharama ya ukweli huo.

Kwa hiyo tulianza na yaliyowezekana. Kuchoma kufanyike nje, mbali na nyumba. Mama wajawazito na watoto wakae mbali kabisa. Usharika ulichanga, ukanunua chombo kimoja cha kufunikwa kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena, na kaya kadhaa hukitumia kwa zamu. Wengine bado wanachoma jikoni. Kazi haijaisha, na bati za kanisa bado ziko juu ya vichwa vyetu.

Kila Jumapili tunaungama dhambi tulizotenda na mema tuliyoacha kuyatenda. Sehemu hiyo ya pili huwa tunaipita haraka, kwa kuwa haina sura. Sisi sasa tuna sura yake: jiko la mkaa, mtoto kifuani, na wachungaji watatu wanaoombea chakula. Mungu aliyefanya agano nasi kwa maji ya ubatizo anasamehe hata hilo. Lakini anayesamehewa ukimya wake hapewi ruhusa ya kuendelea nao. Anafunguliwa kinywa.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Je, lipo jambo linalomdhuru jirani ambalo usharika wetu unalijua na haujalisema? Tunaogopa kupoteza nini?

2. Tukilisema, ni nani atakayebeba gharama, nasi tutamsaidiaje?