Mpelekeni Nyumbani

Jirani yangu, mama wa makamo mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ameruhusiwa hospitali wiki hii. Mwanawe alinionyesha karatasi ya ruhusa: panadoli, vidonge viwili, kutwa mara tatu. Basi. Usiku anavyougulia, sauti inapenya ukutani hadi chumbani kwetu. Wifi yake akaniambia, "Daktari kasema hakuna la kufanya tena, tumpeleke tu nyumbani."

Kauli hiyo imenikaa rohoni. La kumponya huenda kweli halipo. La kumtuliza maumivu lipo, tena si la bei ya kutisha.

Waganda wanalijua tangu 1993, Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi. Mofini yao, dawa kali ya maumivu, ni ya kunywa: unga wa dawa, maji, kihifadhi kidogo na rangi, ili mtu asije akachukua chupa ya dawa kali akidhani ni ile nyepesi. Mgonjwa anainywa kitandani kwake, kwa kawaida kila baada ya saa nne. Madaktari walipokuwa hawatoshi, kanuni za 2004 zikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, na mgonjwa hatozwi kitu. Sisi Watanzania tunayo hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kazi hii wanaijua. Lakini mgonjwa wa Tunduru afike Dar es Salaam kwa mbavu zipi?

Najua utasema: hiyo mofini si dawa ya kulevya? Itaibwa, iishie vijiweni. Sawa, wezi wapo. Ndiyo maana pethidini, dawa ya maumivu ya jamii hiyo hiyo, inakaa kwenye kabati la kufuli, na kila anayeitoa anatia saini daftarini. Hatujaifuta hospitalini kwa kuogopa wezi.

Utasema tena fedha hazitoshi hata kwa wale wanaopona. Hapo ndipo hesabu zako zinapokosea. Mgonjwa asiyelala, binti yake naye halali. Kesho genge halifunguliwi, na mjukuu anabakizwa nyumbani kumshika bibi. Gharama ipo, ila imeandikwa kwa jina la familia.

Muuguzi wa zahanati tunamwachia uhai wa mama na mtoto usiku wa manane, anazalisha kwa tochi ya simu. Leo tumwambie hawezi kuaminiwa na chupa ya mofini? Apewe mafunzo, kabati na ufunguo. Na mganga mkuu wa wilaya aiagize dawa hiyo kila awamu, kama anavyoagiza dawa nyingine, bila kungoja mfadhili.