Mvua Ikishatabiriwa, Nani Ataulizwa?

Kila masika yanapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu, na kwenye baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar hakosekani mzee wa kusema kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu na Yeye ndiye ajuaye. Hakukosea. Sura ya Luqman inaitaja mvua pamoja na mambo ya ghaibu. Lakini mtu akishaambiwa kuwa mwaka huu huenda mvua zikapita kiasi, bado ana udhuru wa kukaa kitako?

Unguja, ambako mvua nyingi huweza kuleta kipindupindu, swali hili lina makaburi yake. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu, na daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akitibu mjini Unguja, alifuatilia njia ya maradhi hayo katika kitabu kilichotoka 1876. Sultan Barghash, aliyeshika kiti mwaka 1870, baadaye aliuvutia mji maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje. Wakati ule hakuna aliyeweza kusema mwezi gani maradhi yangerudi.

Leo inawezekana kukisia. Mwaka 2011, mtafiti Rita Reyburn na wenzake walichapisha uchambuzi wa kipindupindu cha Zanzibar: joto likipanda kwa nyuzi 1, wagonjwa huelekea kuongezeka maradufu baada ya miezi 4, na mvua ikizidi kwa milimita 200, huongezeka mara 1.6 baada ya miezi 2. Sababu yenyewe inaonekana kwa macho katika mitaa ya mabondeni ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Maji ya mvua huingia kwenye shimo la choo, shimo likafurika, uchafu ukatambaa uani mpaka kwenye kisima cha jirani.

Miezi miwili si ghaibu tena. Wala si yakini, na hapo ndipo Imamu Ghazali anapofaa kusikilizwa. Katika kitabu chake *Ihya*, akizungumzia tawakali, yaani kumtegemea Mungu, alizigawa sababu katika mafungu matatu: za yakini, za dhana yenye nguvu, na za kuwaziwa tu. Kuacha za yakini, kama mwenye njaa kukataa kunyoosha mkono kwenye chakula, kwake si tawakali hata kidogo. Kushika zile za dhana, kama msafiri kubeba masurufu, hakuiharibu imani. Utabiri wa msimu umo katika fungu hilo la kati. Nabii Yusuf naye, alipofunuliwa habari ya miaka saba ya ukame, hakuishia kwenye dua, alisimamia maghala.

Wapo watakaouliza: na utabiri ukikosea? Dawa ya kutibia maji itakuwa imenunuliwa bure, na vyoo vitakuwa vimenyonywa kabla ya wakati. Hasara ipo, lakini ipimwe na ya upande wa pili. Aprili 2016, kipindupindu kikiwa kimeshaenea, serikali ya Zanzibar ilipiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji barabarani. Amri ilikuwa na hoja, maana watu walikuwa wakifa. Ila waliobeba mzigo ni mama wa urojo na kijana wa juisi ya miwa, ambao chakula chao cha usiku hutoka kwenye mauzo ya mchana. Anayejua mapema anaweza kuchagua hatua zisizomvunja mnyonge: kusafisha mitaro, kupima visima, kupeleka chumvichumvi za kuongeza maji mwilini kwenye vituo vya afya. Anayechelewa hubakiwa na marufuku.

Mafakihi wana jina la wajibu wa namna hii: fardhi kifaya. Wakiutekeleza baadhi, wengine husalimika. Wakiuacha wote, wote wana dhambi. Mpango wa Zanzibar wa kutokomeza kipindupindu, wa 2018 hadi 2027, unagusa maji, usafi, chanjo na tiba, yaani ofisi nyingi kwa pamoja, na wajibu wa wengi ni rahisi kila mmoja kumwachia mwenzake. Hivyo utabiri wa mvua nyingi ukitoka Februari, haufai kuishia redioni. Uwe na majina kando yake: sheha gani apewe taarifa, nani atoe fedha za mitaro, na ifikapo tarehe gani kazi iwe imekwisha kabla mvua za Aprili hazijashika.