Mgonjwa Asiye na wa Kumtetea

Somo: Mathayo 5:43–48

Bwana anatuagiza kuwapenda adui zetu, kwa kuwa Baba hachagui wa kumnyeshea mvua. Kanisani tunaitikia "Amina" bila shida. Ugumu wa neno hili tunakutana nao wodini.

Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa mikononi mwa Wanazi, daktari kijana Willem Kolff alikuwa akitibu watu katika mji mdogo wa Kampen. Miaka michache nyuma alimuuguza kijana wa miaka 22 aliyekufa kwa figo kushindwa kazi, na daktari hana la kumfanyia. Tangu hapo akawa anatafuta njia ya kuisafisha damu. Vita viliadimisha kila kitu, akatumia alichopata: utando wa selofani wa kutengenezea soseji. Aliuzungushia pipa la mbao lililokuwa likizunguka ndani ya beseni la maji yenye chumvi. Damu ilipopita kwenye utando, taka zilichujika majini, chembe za damu zikabaki. Wagonjwa 15 wa mwanzo walifariki karibu wote. Akaendelea.

Septemba 1945 aliletewa mama wa miaka 67, hajitambui, figo zimegoma. Alitoka kizuizini, alikofungwa kwa kushirikiana na Wanazi. Kolff mwenyewe aliwapinga Wanazi, na mjini wengi hawakumtakia mema mama yule. Daktari akamuunganisha na mashine. Saa kadhaa baadaye mama akafumbua macho, akaishi miaka saba zaidi. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuokolewa na figo bandia.

Leo mashine za namna hiyo zipo hata kwetu. Mgonjwa ambaye figo zake zimeharibika kabisa huunganishwa nayo kwa muda wa saa nne hivi, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, maisha yake yote asipopandikizwa figo. Ili kulipia, ng'ombe huuzwa, shamba likafuata. Kisha familia inakuja jumuiya kuomba mchango, nasi tunaanza: "Si alikuwa mlevi huyu?" "Alipokuwa nazo, alitukumbuka?" Ndugu zangu, anayeuliza hivyo amekalia kiti cha hakimu, na kiti hicho kina mwenyewe.

Wiki hii nawaomba mambo mawili. Mchango wa mgonjwa utolewe bila kuchimba maisha yake ya nyuma. Na mwenye kisukari au shinikizo la damu akapimwe figo, kwa mkojo na damu. Magonjwa hayo mawili yanaongoza kwa kuharibu figo, tena kimya kimya. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi madhara yamekwisha kuwa makubwa.

Tuombe. Ee Bwana, wape watafiti wetu subira na wauguzi nguvu. Utuondolee ulimi wa kuhukumu mgonjwa, utupe mkono wa kumsaidia hata yule aliyetukosea. Amina.