Dampo Likishindwa Kesi, Linahamia kwa Nani?

Kuna swali ninalopenda kuwauliza wanasheria ninaokutana nao kazini, na kila mmoja analijibu kivyake: mtu akikataa kumwagiwa taka mlangoni kwake, ana deni lolote kwa yule atakayemwagiwa baada yake?

Jiji letu limelijibu swali hili kwa vitendo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam katika Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwatesa kwa moshi, harufu na nzi. Wakashinda. Jiji likaambiwa liache kumwaga taka pale na litafute mahali pengine. Likaomba muda, likapewa. Mwaka 1991 lilipokuja kuomba tena, Jaji Lugakingira akagoma. Alishangaa kuona mamlaka ya umma inaingia mahakamani bila aibu kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Kumbuka kwamba Haki za Binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Yaani haki ilikuwa bado mbichi, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kupambana na jalala.

Sasa basi, dampo likaenda wapi? Kunduchi Mtongani, eneo ambalo ramani ya mipango miji ilikuwa imelitenga kwa makazi. Wakazi 795 wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, safari hii kwa njia ya sheria ya utawala: waliomba uamuzi wa Jiji ufutwe, Jiji lizuiwe kumwaga taka pale, na lilazimishwe kutekeleza wajibu wake wa kutafuta eneo lisilodhuru watu. Nao wakashinda. Dampo likaenda Vingunguti. Baadaye likaja Mtoni, huku kwetu Temeke. Kisha Pugu Kinyamwezi.

Fuata hayo majina kwenye ramani utaona kitu. Kila hukumu ilikuwa sahihi, na kila hukumu ilimsogezea mtu mwingine tatizo lilelile.

Wapo wanaosema hapo ndipo wakazi wa Tabata wanapolaumika: wangekuwa na moyo wa kijamii wangevumilia, maana taka za jiji lazima ziende mahali. Mimi hoja hii siikubali hata kidogo. Anayezuia asitiwe sumu hana wajibu wa kuonyesha nani atiwe badala yake. Na hilo neno "maslahi ya umma" lina ujanja wake. Umma unaonufaika ni sisi wote, lakini mapafu yanayolipa gharama ni ya mtaa mmoja, na mtaa huo haukuulizwa. Jaji alilitambua hilo: umma usiowahesabu watu wa Tabata ni umma pungufu.

Ila kuna jambo mahakama haiwezi kulifanya peke yake. Jaji anasikiliza waliofika mbele yake. Tabata walifika. Kunduchi walifika, 795 kwa pamoja, na hiyo si kazi ndogo: kuchanga hela, kumpata wakili, kuacha shughuli siku ya kesi. Ambaye hakufika hayumo kwenye jalada, na lori linapotafuta pa kugeukia linamkuta yeye. Haki ikitegemea nani ana nguvu ya kushtaki, uchafu unatiririka kama maji, kuelekea bondeni.

Na hata kufika hakutoshi. Tazama wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ngazi tatu, miaka minne na zaidi, na risasi iliyoingia mwilini haingoji rufaa.

Mimi naishi Chang'ombe. Tunalipa ada ya taka, viroba vinabebwa, mtaa unabaki safi. Malori yanashika Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, na sisi tunaendelea na chai. Sijawahi kusikia jirani akiuliza yanaishia wapi. Huko yanakoishia kuna kaya zinazovuta moshi, na kuna waokota makopo ambao dampo hilohilo ndilo ugali wao. Ukienda kulifunga kesho kwa amri ya mahakama, utamwokoa mmoja na kumlaza mwingine njaa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mdai wa Tabata hana deni. Mwenye deni ni mimi ninayejaza kiroba bila kushtakiwa na mtu, na halmashauri inayosoma hukumu kama agizo la kuhama badala ya agizo la kubadilika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Imesema kila mtu, haikusema kila mwenye wakili. Tukiichukulia kwa uzito, swali la kwanza likome kuwa "tupeleke wapi?" liwe "tunatupa nini, na kwa nini kingi hivi?" Tutenganishe mabaki ya chakula na plastiki nyumbani, waokota makopo wapewe kazi rasmi ya kuchambua kabla lori halijaondoka, na mtaa unaopokea taka uulizwe, ulipwe, na uwe na haki ya kusema hapana. Hayo hayahitaji jaji. Yanahitaji kikao cha mtaa, na cha kwetu sijawahi kuona kikiyaweka kwenye ajenda.