HESABU YA KURA ZA MGOMO

Mkata mkonge wa Korogwe au Muheza hahitaji kufundishwa hesabu. Majani thelathini ni tita moja. Matita yakiisha kupangwa, mnyapara hupita akiyahesabu, na ujira wa mtu hufuata hesabu hiyo. Tita moja likirukwa, kelele zitasikika mpaka korona. Wala hatumlaumu mpiga kelele. Aliyepunjwa hesabu ameibiwa, na Kitabu cha Mithali chatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu huichukia mizani ya uwongo.

Lakini mtu huyo huyo, siku ya kura ya mgomo, aweza kusema: “Andikeni ndiyo, yatosha. Nani asiyejua watu wanataka nini?” Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Haki ya kugoma haikupatikana bure. Mwaka 1939 wapagazi wa bandari ya Tanga waliitua mizigo. Mwaka 1958 wafanya kazi wa mkonge wa Mazinde waligoma majuma mengi. Kisha sheria ya mwaka 1962 iliufunga mlango huo kwa sehemu kubwa, na mwaka 1964 ikaundwa NUTA, chama kimoja tu kwa wafanya kazi wote. Mlango ulifunguliwa tena kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo yataka ugomvi wa maslahi upelekwe kwanza kwenye usuluhishi. Usuluhishi ukishindwa, chama hupiga kura kwa kufuata katiba yake, na mgomo hukubaliwa na walio wengi kati ya waliopiga kura. Ndipo mwajiri hupewa taarifa ya saa 48.

Yaangalieni vema maneno hayo. Wanaohesabiwa ni waliopiga kura. Asiyekuja hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Kiongozi anayewaandika walionyamaza upande wake amesema uwongo. Na mwajiri anayedai kwamba walionyamaza ni wake, uwongo wake ni ule ule.

Kanisa haliuhesabu mgomo kuwa dhambi. Papa Leo XIII, mwaka 1891, aliitetea haki ya wafanya kazi ya kuungana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, na Papa Yohane Paulo II mwaka 1981, wakakiri kwamba mgomo waweza kuwa njia ya haki, ila ni njia ya mwisho. Yafaa basi tujue ni nani anayeumia njia hiyo ikifunguliwa.

Siku za mgomo mwajiri halazimiki kulipa mshahara. Mfikirieni mama mjane katika kambi ya shamba, mwenye watoto wanne na deni la unga dukani. Yeye amepiga kura ya hapana. Wenzake wakishinda, ataacha kazi pamoja nao, na watoto wake watalala njaa kwa shauri ambalo mama yao hakulipenda. Aweza kuyavumilia hayo, tena kwa moyo mkuu, akijua kwa hakika kwamba walio wengi ndivyo walivyotaka. Lakini karatasi yake ikiwa imetupwa kichakani, njaa ile ni dhuluma, na safari hii aliyemdhulumu si tajiri wa shamba. Ni ndugu yake anayeimba naye Misa ya Jumapili.

Watu wengine watasema kwamba hesabu kali ni hila ya matajiri ya kuzuia migomo. Hofu hiyo si ya bure. Huko Uingereza, mwaka 2010, mgomo wa wahudumu wa ndege za British Airways ulizuiwa na Mahakama Kuu kwa sababu chama chao, Unite, hakikuwatangazia wanachama ipasavyo kura 11 zilizoharibika. Mahakama ya Rufani ililiondoa zuio hilo, na kwa maoni yetu ilitenda vema, maana kura 11 zisingeweza kuyageuza matokeo. Hata hivyo twasema: hizo 11 zitangazwe. Nyuma ya kila karatasi iliyoharibika yuko mtu aliyetoka nyumbani kwake akaja.

Zamani za Mitume kura iliachwa mikononi mwa Mungu, nayo ikamwangukia Mathia. Kura zetu za leo zimeachwa mikononi mwa watu, na mikono ya watu yataka kutazamwa. Kuinua mkono uwanjani, mnyapara akikukodolea macho huku na vijana wenye hasira huku, si kupiga kura. Kuwe na karatasi na faragha. Sanduku lionyeshwe tupu kabla ya kuanza. Wahesabu wawemo pia wale wanaojulikana kuupinga mgomo; hili viongozi hawalipendi, nasi twalishikilia zaidi ya yote. Ndiyo ngapi, hapana ngapi, zilizoharibika ngapi: zote ziandikwe na kubandikwa mahali pa watu wote. Naye karani wa mwajiri akae mbali na mlango.

Na ikiwa Mkristu ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu, akaona hapana imeshinda kwa kura tatu, naye alitamani mgomo kuliko wote, atoke nje kwenye jua wanakongoja wenzake, aisome hesabu kama ilivyo.