Moja Juu ya Arobaini

Shangazi alipomaliza kudungwa sindano, muuguzi alirudi nyuma hatua mbili, akamwambia kwa upole, "Sasa mum, utakaa hapa kama saa moja. Usiongee, usishike simu, usitafune kitu." Kisha akatoka na kuvuta mlango. Nilikuwa nimesimama hapo nje, na niliona mabega yake yakifanya kazi. Ule mlango ulikuwa mzito kuliko mlango wowote niliowahi kuona hospitalini.

Mabenchi ya koridoni yalikuwa yamejaa. Mama wa usafi aliniona nimesimama kama mlingoti, akaingia kwenye stoo yake chini ya ngazi, akaniletea stuli ya plastiki. "Keti, kijana wangu. Hao hukaa sana." Mlango wa stoo ulibaki wazi, na kwa ndani niliona ndoo, mitungi ya sabuni, sweta kwenye msumari, chupa ya chai, na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Ilikuwa stoo, sawa, lakini pia ilikuwa sebule ya mtu. Aliniambia yeye hufika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na akipata nafasi huketi humo kupumzisha miguu. Chakula cha mchana pia hulia humo, kwa sababu kantini ni ya wafanyakazi wa hospitali na yeye ni wa kampuni. Sikuwaza lolote. Nilikalia stuli yake nikaangalia simu.

Jioni nikampigia binamu yangu, ambaye ni mwanafizikia wa tiba. Kazi yake, kwa ufupi, ni kuhesabu kuta. Nikamwambia ile mashine ya PET-CT inaonekana hatari, ona mlango walioufungia. Akacheka. "Mashine? Nusu ya PET haitoi mionzi yoyote, inapokea tu. Ile nusu ya CT ndiyo hutoa, na hiyo ni eksirei ya kawaida, si kazi ngumu kuizuia. Katika hicho chumba cha kusubiri, chanzo ni shangazi."

Nilinyamaza kidogo. Tumezoea kufikiri kwamba hospitalini hatari iko kwenye chuma na mgonjwa ndiye anayelindwa. Hapa mambo yamegeuka. Kile alichodungwa shangazi ni sukari iliyofungwa na florini-18, atomu isiyotulia. Saratani hupenda sukari kuliko nyama nyingine nyingi za mwili, kwa hivyo sukari hiyo hujazana mahali ugonjwa ulipojificha. Atomu ikivunjika hutoa pozitroni, pozitroni ikakutana na elektroni, zote mbili zikatoweka, na badala yake miale miwili ya gama hutoka ikielekea pande mbili kinyume. Mashine inaidaka yote miwili na kuchora ramani. Ndiyo maana aliambiwa anyamaze: misuli inayofanya kazi nayo hula sukari, na mtu akipiga domo ile saa nzima, misuli ya ulimi na koo itawaka kwenye picha kama ugonjwa. Kila dakika 110, nusu ya florini inakuwa imekwisha. Kufikia usiku shangazi angekuwa amerudi kuwa shangazi.

Lakini kwa hizo saa chache, ukuta umejengwa kutulinda sisi dhidi yake.

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki na kwa madini tunayoyabandika ukutani kuzuia mionzi. Sidhani tunapaswa kulitenganisha. Kwa kipimo cha mifupa, kile kinachotumia teknetiamu-99m, thuluthi moja hivi ya milimita ya risasi inatosha kupunguza miale kwa nusu. Kwa florini-18 unahitaji kama milimita 5 kupata nusu hiyohiyo, na ukiweka sentimita nzima bado karibu robo inapita. Ile aproni ya risasi unayoona wahudumu wa eksirei wamevaa, yenye unene wa nusu milimita, mbele ya shangazi ni kama kanzu tu. Mita moja ya mraba ya risasi yenye unene wa milimita 15 ina uzito wa kilo 170. Ndiyo maana bawaba za ule mlango zilikuwa kama za geti la benki, na ndiyo maana wengine huamua kujenga kwa zege nene badala yake.

Yote hayo ni fizikia, na fizikia haina ubishi na mtu. Ubishi unaanzia kwenye swali ambalo fizikia hailiulizi: huu ukuta uwe mnene kiasi gani? Kwa sababu hakuna ukuta unaozuia kila kitu. Kila unene unaochagua, unachagua pia kiasi utakachokubali kipite. Na ili uchague, lazima kwanza useme nani yuko upande wa pili.

Binamu alinitumia picha ya karatasi aliyoichorea. Mfanyakazi wa mionzi, yule aliyefunzwa na anayevaa beji ya kupima, asizidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Mtu wa kawaida asizidi 1, ukiacha ile anayopata mwenyewe kama mgonjwa na ile ya ardhi na anga, ambayo kwa wastani wa dunia ni kama 2.4. (Ukizaliwa karibu na Mlima Mrima kule Kwale, ardhi yenyewe inakupa zaidi ya majirani zako, na hakuna aliyekuuliza.) Mama wa usafi hana beji. Kwa hivyo kisheria yeye ni mtu wa kawaida, na hapa kuna kitu kilichonifurahisha: kwenye karatasi, ukuta unaomlinda unapaswa kuwa mnene kuliko ule unaomlinda daktari. Ni mahali pachache sana katika nchi hii ambapo mtu mwenye mshahara mdogo zaidi amewekewa kiwango cha juu zaidi.

Kisha nikaona safu ya mwisho.

Kuna jedwali linalosema watu hukaa mahali kwa kiasi gani. Lile ambalo wengi hulifuata lilichapishwa Marekani mwaka 2004. Ofisi ni 1, yaani tuseme kuna mtu humo muda wote wa kazi. Koridoni ni moja juu ya tano. Choo cha umma, moja juu ya ishirini. Ngazi, paking isiyo na mlinzi, na stoo ya mtu wa usafi: moja juu ya arobaini.

Maana yake ni hii. Ukiamini mtu yuko stoo sehemu moja tu kati ya arobaini za muda, unaweza kuruhusu mionzi mara arobaini zaidi ipite ukuta huo, na bado kwenye hesabu yeye atapata milisiverti 1 tu. Kama kweli huingia kuchukua mopu na kutoka, sawa kabisa. Lakini kama huketi humo saa mbili kati ya nane, hiyo si moja juu ya arobaini, ni robo. Ukuta ukiwa umejengwa hadi ukingoni mwa kibali chake, atapata milisiverti 10 kwa mwaka. Mara kumi ya kikomo chake, nusu ya kikomo cha mtu aliyefunzwa, na bila beji ya kumwambia.

Binamu alinikatiza hapo, na ni haki nimpe nafasi. Kuta chache hujengwa hadi ukingoni. Wanaohesabu huongeza cha akiba, na chumba kilekile mara nyingi kimepakana na ofisi pia, kwa hivyo ukuta hupata unene wa ofisi. Hata hizo 10, kwa makadirio yanayotumika, ambayo ni kama asilimia 5 kwa siverti nzima, zikijirudia miaka kumi zinaongeza hatari ya saratani ya mtu mmoja kati ya 200. "Huyo mama huenda anahatarisha zaidi kwenye boda ya kwenda nyumbani," alisema. Halafu akauliza swali ambalo bado silijibu vizuri: "Ungependa nihesabu kila stoo, kila ngazi, kila paking kama ofisi? Hizo tani za risasi zitalipwa na nani? Ni pesa zilezile za kumpima shangazi."

Enyewe ana pointi. Miaka si mingi iliyopita, Mkenya aliyehitaji kipimo hiki alipanda ndege kwenda India, kama alikuwa na uwezo. Aga Khan pale Nairobi walianza mwaka 2018, kisha hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikapata mtambo wake. Ukuta ghali kupita kiasi pia huua, ila unamuua mtu ambaye hakufika mlangoni. Kanuni yenyewe ya kinga ya mionzi haisemi "zuia yote." Inasema punguza kadiri inavyowezekana kwa busara, ukizingatia uchumi na jamii. Neno zito hapo ni busara. Busara ya nani?

Sina shida na sehemu. Bima inaishi kwa sehemu, daraja linajengwa kwa sehemu, hata serikali inapanga hospitali ngapi ziwe wapi kwa sehemu. Huwezi kujenga kwa ajili ya kila kitu kinachoweza kutokea. Shida yangu ni kwamba moja juu ya arobaini inajifanya kuwa ukweli kuhusu stoo, ilhali ni ukweli kuhusu aina fulani ya maisha. Ni stoo ya mahali ambapo mtu wa usafi ana chumba cha kupumzikia, na kantini inamkaribisha. Ukilileta jedwali hilo hapa bila kuangalia, halihesabu tena muda. Linahesabu kile ambacho waliokaa mezani wanadhani mtu kama yeye anafanya na siku yake. Wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo, na mara nyingi sisi husema hivyo kama onyo kwa aliyechelewa mkutano. Huyu hakuchelewa. Alikuwa kwenye jengo tangu kabla ya saa kumi na mbili.

Na si yeye peke yake. Soja wa paking "isiyo na mlinzi." Mama wa chai aliyeegemeza kibanda upande wa nje wa ukuta wa hospitali, mahali ambapo mchoro unaonyesha nyasi.

Kuna jambo lingine lililonisumbua usiku huo. Tulipotoka na shangazi, aliambiwa asimbebe mjukuu hadi jioni. Kwenye gari alikataa nikae naye nyuma. "Kaa mbele, mimi saa hii ni jiko," alisema, akijaribu kucheka. Nikakaa naye nyuma. Nilijua, nikakaa. Nilichokipata katika safari ile ni kidogo, kama kile ardhi inatupa kwa siku kadhaa, na ningekipata mara mbili. Kanuni zenyewe zinalitambua hili: mtu anayemtunza mgonjwa kwa hiari na akijua, hafungwi na kile kikomo cha milisiverti 1. Kujua na kukubali hubadilisha kitu, ingawa mwale haubadiliki hata kidogo. Unapita mwilini mwangu kama unavyopita mwilini mwa mwingine.

Sasa, kama ni hivyo, basi ubaya wa ile stoo hauko kwenye milisiverti pekee. Hata kama ukuta ni mnene vya kutosha, na huenda ni mnene, yule mama amewekwa kwenye hesabu ambayo hakuna aliyemwonyesha. Nilipomwambia binamu hivyo alisema nimeanza kuongea kama mhubiri. Halafu, baada ya kimya, akaniambia anachofanya yeye. Kabla ya kuweka sahihi, huenda kwenye jengo, au kwenye jengo la zamani kama jipya halijaisha, saa ya chai. Hatembei na mwenye hospitali. Hutafuta stuli, sufuria, kikombe, sweta kwenye msumari. Akikuta kikombe, anafuta arobaini na kuandika 1. "Mchoro utakuambia stoo. Kikombe hakidanganyi." Wenye majengo humkasirikia, maana risasi inauzwa kwa kilo. Mara nyingine hushinda, mara nyingine huambiwa wataweka kibandiko mlangoni kwamba hairuhusiwi kukaa humo.

"Na hicho kibandiko?"

"Hicho hakizuii mionzi. Kinazuia lawama."

Miezi minne baadaye tulirudi kwa kipimo cha pili, baada ya dawa. Njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu: nimwambie au nisimwambie? Sijui kuna nini ndani ya ukuta ule. Nikisema, naweza kumpa hofu ya bure, na hofu nayo hukaa mwilini. Nikinyamaza, nitakuwa nimemhesabu vilevile walivyomhesabu, mtu wa kuamuliwa.

Nilimkuta anapanga ndoo. Alinikumbuka, akauliza shangazi anaendeleaje, akaenda kuleta stuli kabla sijasema kitu. Nikamwambia. Nilimwambia polepole, bila namba nyingi: kwamba wagonjwa wa huko ndani hubeba mionzi kwa saa chache, kwamba kuta hujengwa kwa kukisia nani yuko wapi, kwamba stoo hukisiwa tupu, kwamba huenda hakuna shida yoyote lakini ana haki ya kuuliza wapime upande huu, na kwamba kuna mamlaka ya serikali inayosimamia vyumba hivi.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mopu kwa mikono miwili. Aliangalia ule ukuta, mweupe, uliopakwa rangi vizuri, kama unavyomwangalia jirani uliyesikia jambo lake.

"Nimuulize nani?" alisema. "Yule supavaisa wa kampuni? Ataniambia stoo si ya kukaa, nitolewe humo." Akafikiri kidogo. "Na hiyo chai, kijana wangu, nitainywea wapi?"

Muuguzi alitoka, akavuta ule mlango. Tulimsikia akipumua. Yule mama aliingia stoo, akatoka na kikombe na chupa, akaketi kwenye ngazi ya tatu, mbali kidogo na ukuta, akanimiminia mimi kwanza.